Maua Chini ya Mikorosho ya Gasper

Gasper alikuja na kienge cha nyasi kavu kuchoma mizinga ya shemeji yake Silvano.

"Nyuki wako wanaangusha maua yangu! Chini ya mikorosho yametandazwa kama mkeka. Nitavuna nini?"

Silvano alimsihi wakayaangalie hayo maua kwanza. Mikorosho yake mwenyewe ilipoliwa na ubwiri, ule ukungu mweupe unaokausha maua, asali ndiyo iliyolisha nyumba yake. Isitoshe, hakuwa na uhakika kwamba nyuki hawana kosa. Alimfuata Gasper hadi shambani kwake huko Mkunya, pamoja na mkewe Anjelina, dada yake Gasper.

Maua yalikuwa yametapakaa kweli, juu ya ardhi iliyofagiliwa. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, Gasper alitaka kuwauzia mapema kuliko wenzake, ndiyo maana akawahi kufagia, aokote korosho mara tu zinapoanguka.

"Kaka, mwaka jana ulifagia lini?" Anjelina aliuliza.

"Korosho zilipoanza kuanguka."

"Basi maua yalikuwa yameshaozea kwenye majani makavu ya chini, ukakosa kuyaona." Alivuta tawi. "Mengi ni madume. Yakishatoa unga wake yanaanguka, kila mwaka. Nyuki wanaupeleka unga kwenye haya machache yanayozaa. Bwana shamba alituonyesha, wewe ukasinzia."

Gasper aliinamia kishada. Korosho changa za kijani zilikuwa zimeshikilia imara, ndogo kama choroko.

Silvano alishusha pumzi, akaketi palepale juu ya maua.

"Haya, wabaki," Gasper alinung'unika. "Lakini wakiniuma nitarudi."

"Rudi tu, shemeji," Silvano alisema, akicheka. "Utalamba asali."