Viwanja vya Mfalme Kiboko

Katika nchi ya Bondeni hakuna mnyama aliyewahi kukatazwa kusema. Mfalme Kiboko alijivunia jambo hilo kuliko alivyojivunia upana wa kinywa chake. Wageni walipomtembelea, aliwapandisha kwenye roshani ya jumba lake kilimani, akawaonyesha viwanja vinne vilivyotapakaa chini, kila kimoja kikivuma kama mzinga wa nyuki.

"Sikilizeni," aliwaambia. "Hiyo ndiyo sauti ya raia huru."

Viwanja hivyo vilijengwa na Waziri Mbweha. Kabla yake, wanyama walikuwa wakikutana mtoni asubuhi, kila mmoja na kiu yake, wakapashana habari kisha wakaenda zao. Mbweha aliona mkusanyiko huo haufai, maana wenye kiu wakikaa pamoja huishia kuzungumzia maji. Akajenga Uwanja wa Vioo, ambako mnyama alijipamba, akasimama mbele ya kioo, na wenzake wakampigia vigelegele. Akajenga Uwanja wa Makelele kwa ajili ya wenye hoja. Akajenga Uwanja wa Midundo, ambako kila kitu kilichezwa ngoma kabla hakijaeleweka. Mwisho akajenga Uwanja wa Jamaa, ambako koo zilikaa makundi makundi, zikipokezana habari sikio kwa sikio bila yeyote kujua ilikoanzia.

Kuingia kulikuwa bure. Langoni pa kila uwanja alikaa tumbili mwenye macho makali, na kazi yake ilikuwa kukutazama tu. Ulichokikodolea macho, alikuletea kingine cha namna hiyo, na kingine tena, mpaka ukasahau ulichofuata.

Bi Kororo hakuwa mpenzi wa viwanja. Alikuwa ndege mjane mwenye madoadoa, aliyeishi huko juu kwenye chemchemi za mto. Ukoo wake ulikuwa na kazi moja tangu enzi za mababu: kuiona hatari na kupiga kelele. Kre-kre-kre ya kororo iliposikika, kila mwenye miguu alikimbia kwanza, akauliza baadaye.

Asubuhi moja aliwakuta ngiri, kundi zima, wakikata udongo. Walikuwa wakijenga tuta kukatisha mto, na kando yake wakichimba mfereji uliozunguka mlima kuelekea jumba la Mfalme.

"Mnafanya nini, jamani?" aliuliza.

"Mfalme anataka bwawa la kuogelea," akajibu msimamizi wao, ngiri mzee mwenye pembe moja iliyovunjika.

"Na walioko chini watakunywa nini?"

"Bibi, mimi nimepewa jembe. Sikupewa maswali."

Bi Kororo akaruka hadi kingo za mto kule chini, akalia kwa nguvu zake zote. Hakuna aliyekimbia, kwa kuwa hakukuwa na mtu. Aliyetoka kichakani alikuwa Bi Digidigi peke yake, shoga yake wa siku nyingi, aliyekuwa amejifungua karibuni na kwa hiyo hakwenda mbali.

"Unamlilia nani hapa?" Digidigi akamuuliza baada ya kusikia habari yenyewe. "Siku hizi ukitaka kusikika, nenda uwanjani."

"Uwanja upi?"

"Hapo sasa! Vioo wana adabu, ila hawasikilizi. Makelele wanasikiliza, ila wakutafutie kosa. Midundo ndiko kwenye umati. Mimi nakwenda Jamaa, angalau nawajua walioko huko."

"Kwani hakuna mahali pa kusema neno likabaki lilivyo?"

Digidigi akacheka. "Palikuwa hapa tuliposimama."

Bi Kororo akaanza na Vioo. Pundamilia mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa upole, "Habari yako nzito, dada, lakini umeileta na vumbi. Jipanguse. Simama upande huu wenye mwanga, useme tena." Akajipangusa, akasema tena. Vigelegele vilipigwa, vikawa vya kusifu madoadoa yake. Aliyeuliza kuhusu mto hakuwepo.

Akaenda Makelele. Huko alimkuta Bwana Nungunungu, jirani yake wa zamani, miiba imemsimama kutwa kucha kwa mabishano. "Mto unazibwa!" Bi Kororo akatangaza. Kabla hajafunga mdomo, sauti ikapaa kutoka nyuma: "Mbona wakati wa ukame wa kaskazini hukusema?" Nyingine ikadakia: "Huyu ana chuki na ngiri!" Kufikia adhuhuri hoja haikuwa mto tena, ilikuwa iwapo ndege ana haki ya kuzungumzia maji wakati yeye anaweza kuruka akanywe kwingine.

Bi Kororo alijibu. Akajibiwa, akajibu tena. Nungunungu alipoguna, "Hapo umemchoma!", alihisi joto tamu likimpanda shingoni. Kesho yake alirudi. Alijiambia anarudi kwa ajili ya mto.

Habari zikafika kilimani. Mfalme akaita baraza.

"Akamatwe," alisema Jenerali Nyati. "Ndege mmoja, tundu moja, kazi imekwisha."

Waziri Mbweha akainama. "Mtukufu, ukimfunga, kila mmoja atauliza amefungwa kwa lipi. Hilo ndilo swali tusilolitaka."

"Basi anyamazishwe kimyakimya," Mfalme akasema, huku akitazama shimo kavu la bwawa lake.

"Asinyamazishwe kabisa, Mtukufu. Alie. Alie zaidi. Nitawaambia tumbili wampeleke Midundo."

"Kisha?"

"Kisha tutachimba kwa nafasi."

Nyati hakuelewa. Mfalme alielewa, akapiga mwayo wa kuridhika.

Siku ile ile ngedere wawili wa Uwanja wa Midundo waliichukua kre-kre-kre ya Bi Kororo, wakaitia ngoma. Shingo mbele, shingo nyuma, mabawa yapigwe, mguu utimue vumbi. Kabla juma halijaisha, nchi nzima ilikuwa ikiicheza. Watoto waliamka nayo. Bi Kororo akaitwa aifundishe mwenyewe, naye akaenda akiwaza kwamba wakishaipenda sauti, maana itafuata. Alipopita njiani, wanyama asiowajua walimwita kwa jina. Asubuhi alikwenda Vioo kuonekana, mchana Makelele kujitetea, jioni Midundo kushangiliwa. Alikuwa hatulii. Akiwa huku, alihisi anasemwa kule. Akifika kule, alihisi amepitwa na jambo huku. Hakupanda tena chemchemini.

Bi Digidigi ndiye aliyemfuata. Alimkuta nje ya Uwanja wa Makelele, akinong'ona peke yake jibu alilokusudia kumpa ngiri mmoja aliyemtukana jana.

"Mwanangu hanyonyi," Digidigi akasema.

"Ana nini?"

"Mimi ndiye sina. Sina maziwa kwa sababu sina maji." Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Uwanja wa Jamaa walituambia mto hupungua mwezi ukiegemea upande, tutafune majani ya mkwaju tusubiri. Aliyenieleza ni shangazi yangu, naye alielezwa na mkwewe. Nikasubiri. Shoga, si ulisema mto unazibwa?"

"Nilisema! Nimesema kila siku!"

"Mimi nilisikia ngoma tu."

Bi Kororo akamfuata mtoni. Pale palipokuwa na maji ya kufika magotini palibaki tope lililoanza kupasuka, na katikati yake kidimbwi cha kijani. Kando ya kidimbwi alilala kindama cha digidigi, macho wazi, mbavu zikipanda kwa taabu. Hofu ya ukoo wake ikamshika ghafla. Akapaa juu ya kichuguu, akalia. Hakuwa amelia hivyo tangu mto uanze kuzibwa, sauti ya kukatika pumzi, ya kuwaita wote wenye miguu.

Kutoka viwanjani walimsikia. Shangwe kubwa ikalipuka. Vumbi likapaa mawinguni, na nchi nzima ikacheza.

Bi Kororo akafunga mdomo. Akashuka kichuguuni, akasimama karibu na Digidigi. Akasema, "Sauti yangu wameshaichukua. Nitawaendea kwa miguu."

Akaenda kusimama nje ya malango, mbali kidogo na macho ya tumbili. Hakuhutubia. Kila aliyetoka kupumua alimsogelea na kumwambia maneno mawili tu: "Njoo uone." Wengi walimpita. Wengine waliomba awachezee kidogo, naye akatikisa kichwa. Wa kwanza kusimama alikuwa Nungunungu.

"Nione nini? Kama ni mto, tuujadili kwanza. Nina hoja tatu."

"Bwana Nungunungu, lini ulikunywa maji nyumbani kwako?"

"Uwanjani kuna mitungi."

"Sikuuliza uwanjani."

Nungunungu akafikiri, akatambua hakumbuki. Akamfuata akibishana njia nzima. Alipofika kwenye shimo lake ukingoni, mabishano yakamkauka. Alikanyaga palipokuwa na maji, ukoko wa tope ukavunjika. Akamtazama kindama, kisha akamtazama mama yake.

"Nilikuwepo uliposema," akamwambia Bi Kororo kwa sauti ndogo. "Nilikuwa naangalia nani anashinda."

"Hata mimi," akajibu.

Nungunungu akarudi kumleta nduguye. Nduguye akamleta swala, swala akawaleta wenzake, kila mmoja akimshika mwenziwe mmoja na kumwambia aje aone. Walioona hawakuhitaji kuelezwa. Walipokuwa wengi kiasi cha kuogopeka, walipanda mlima mchana kweupe hadi kwenye tuta, Nungunungu akitangulia na miiba yake. Ngiri walipoona ukuta ule wa miiba na nyuma yake umati usiopiga kelele wala kucheza, walitupa majembe. Wanyama wakalichimba tuta kwa kwato, kwa kucha na kwa midomo. Udongo ukaachia, maji yakachungulia, kisha yakaupanua ufa yenyewe na kushuka yakinguruma.

Bi Digidigi hakupanda nao. Alikuwa amelala na mwanawe kwenye tope, ndipo maji ya kwanza yakamfikia kwenye tumbo. Alikunywa mpaka akatapika, akanywa tena. Jioni kindama alinyonya.

Kilimani, Jenerali Nyati alikuwa ameshawapanga askari. "Sasa, Mtukufu? Au bado tunawapa ngoma?"

Mfalme alimgeukia Mbweha kwa hasira. Mbweha hakutetereka. "Mtukufu, wameshinda. Tuwape pa kusherehekea."

Akajenga uwanja wa tano, mkubwa kuliko vyote, akauita Uwanja wa Ushindi. Tangazo lilisema Mfalme amefurahishwa na ujasiri wa raia wake, na kila aliyekuwepo siku ya tuta anakaribishwa aje asimulie. Wakaenda. Walisimulia walivyochimba na jinsi ngiri walivyokimbia. Wasiokuwepo nao wakasimulia. Ukazuka ubishi nani alitangulia kugusa udongo, na tumbili wa langoni wakauchochea, hata nduguye Nungunungu na swala wakaacha kusalimiana.

Mbweha mwenyewe alipanda hadi chemchemi kumfuata Bi Kororo. Alimkuta amekaa juu ya mabaki ya tuta, pamoja na Bi Digidigi na kindama chake.

"Shikamoo, bibi. Wenzako wanakungoja. Mfalme amekutengea jukwaa la katikati. Sauti yako ndiyo iliyoikomboa nchi."

"Marahaba. Sauti yangu haikukomboa chochote, mheshimiwa, na wewe unajua."

"Ukitaka, tutakujengea uwanja wako mwenyewe. Utaweka masharti yako. Hakuna ngoma, hakuna matusi. Maneno ya kweli matupu."

Uwanja kama huo ndio Bi Kororo aliokuwa akiutafuta tangu siku ya kwanza. Akatazama chini bondeni, kisha akatazama ng'ambo ya mfereji.

"Nikiwa huko, hapa atakaa nani?" akauliza.

Mbweha akatabasamu, akajifuta vumbi, akashuka.

Nungunungu alifika baadaye, amechoka na kelele za Uwanja wa Ushindi, akaomba apewe zamu ya kulinda. Wakaja wengine, si wengi. Kuna asubuhi wanajaa tutani, wanapashana habari za nyumbani, wanacheka. Kuna asubuhi ni Bi Kororo na Bi Digidigi peke yao, huku viwanja vyote vitano vikinguruma chini na wao wakijizuia wasiende kusikiliza wanasemwaje. Mto unapita. Si mwingi kama wa zamani, lakini bondeni wananyonyesha.

Ngiri nao hawajaondoka. Wameketi ng'ambo ya mfereji, majembe magotini, na kila kunapokucha yule mzee mwenye pembe iliyovunjika husimama, akatazama kwa makini leo nani hakufika.