Mke wa Fundi Miavuli

Mdogo wangu Modest si mwanaume mbaya. Hanywi, hapigi, na shamba lake la vitunguu saumu hapa kijijini Daudi watu wanapita wanalisifia. Ila kichwa chake, jamani, kuna siku natamani nikifungue nione kuna nini ndani. Mke wake Justina alikuwa amerudi kwa baba yake kule Balangdalalu, wiki ya tatu hiyo, na bwana mkubwa amekaa kwenye kigoda anaangalia simu.

"Unaenda lini kumfuata?" nikamuuliza.

"Atarudi mwenyewe, dada."

"Nani kakwambia?"

"Iko kwenye anime."

Namshukuru Mungu sikuwa na mwiko mkononi.

Mimi naziita katuni za Wajapani, yeye ananuna, anasema ni anime na si za watoto. Tangu wanachumbiana hao wawili ndiyo maongezi yao. Modest anajaziwa kwenye simu na kijana mmoja wa Mbulu mjini, zikiwa zimeshawekewa maneno ya Kiswahili. Justina, ambaye alikuwa anafundisha chekechea ya parokia, yeye anaazima kwa masista vitabu vyenyewe, vya Kiingereza, ambavyo hizo anime zimetolewa humo. Halafu wanabishana. Huyu anasema picha ni tamu zaidi, huyu anasema picha zimeruka mambo. Nyumba yangu na yao tunatazamana uani, kwa hiyo nilikuwa nasikia kila kitu, na walivyokuwa wakicheka hata mimi mjane nilikuwa nafarijika.

Baada ya masika kicheko kikakatika. Justina alikuwa na mimba ya miezi saba, mtoto akazaliwa hana uhai. Tukampa pole, tukamwambia Mungu atatoa mwingine, tukanyamaza. Ndivyo tunavyofanya.

Sasa Modest akanieleza. Siku anaondoka, Justina alimwambia hivi: "Ukitaka kujua kwa nini naenda, malizia ile hadithi ya fundi miavuli. Mimi ndiye yule mke." Basi yeye akamalizia. Akarudia tena. Na mwisho wake mke anarudi.

"Hebu nionyeshe," nikasema, maana mvua ilikuwa inanyesha na sikuwa na cha kufanya.

Sisemi uongo, ilikuwa nzuri. Kuna fundi anatengeneza miavuli ya karatasi kijijini milimani, kazi imemmeza, na mke anamwongelesha yeye anapaka gundi. Mke anachoka, anaondoka. Fundi anabaki anatengeneza miavuli inajaa nyumba nzima. Mwisho theluji inaanguka, anarudi kutoka mtoni anakuta moshi unatoka jikoni, na mke amepiga magoti anachochea moto. Hawasemi kitu. Nililia kidogo, sifichi. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Ukutani palikuwa na kamwavuli kadogo, kekundu, kila mara kanaonekana na hakuna anayekagusa.

"Kale ka nani?" nikauliza.

"Pambo tu," akasema Modest. "Umeona lakini? Anarudi mwenyewe. Nikimfuata nitaharibu."

Nikasema wacha niende mimi, maana nilishasikia kwamba kuna shule ya chekechea huko kwao imemwita Justina aanze kazi Jumatatu. Mwanamke akishapata kazi kwao na chumba kwao, utamrudisha na nini? Nikapanda gari Mbulu asubuhi, nikabadilisha Babati, Katesh nikachukua bodaboda. Nilifika nimekuwa mwekundu kwa vumbi, na hasira yangu iko palepale.

Baba yake, mzee Gidahosh, alikuwa amekaa mlangoni pa zizi anamtazama ndama mgonjwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza ng'ombe zetu, akauliza mvua, akauliza wagonjwa. Habari za Modest hakuuliza kabisa, na hiyo ilinitisha kuliko kama angemtukana. Kisha akanionyesha jikoni kwa fimbo.

"Wifi," akasema Justina, akanikumbatia na unga mikononi. Alikuwa amekonda. "Umekuja kunigombeza?"

"Nimekuja kukubeba. Mume wako amekaa kama gunia, anasubiri urudi mwenyewe umuwashie moto."

"Nimuwashie moto?"

"Kama kwenye ile hadithi. Si ulimwambia aimalizie? Kaimalizia mara mbili. Theluji, moshi, mke huyo jikoni."

Justina akaacha kusonga ugali. "Wifi, kwenye hadithi mke harudi."

"Anarudi. Nimemwona kwa macho yangu haya."

"Kwenye kitabu harudi. Mimi nilimwachia kitabu, juu ya kitanda, upande wake."

Hapo nikakumbuka. Modest kile kitabu alikikuta, akakifunga kwenye mfuko wa plastiki, akakiweka kabatini kisiingie vumbi, maana ni mali ya masista. Nilimwona na nikamsifu kwa utunzaji.

"Wewe hukuiona hiyo anime?" nikamuuliza.

"Niliona mwanzo tu, nikaona picha zimekaa vizuri, nikaendelea na kitabu changu. Wamemfanyaje mtoto?"

"Mtoto gani?"

Justina akaketi chini kabisa, pale kwenye majivu, akanisimulia kitabu. Yule fundi na mke wake walipata mtoto, akafa siku ileile. Wanawake wa kijiji wakamzika, fundi hakuwepo, na aliporudi akawekewa chai. Hakuuliza. Alitengeneza mwavuli mdogo mwekundu, akautundika ukutani, basi. Mke akakaa naye mwaka mzima akingoja aulize kitu chochote. Ndipo akaondoka. Na mwisho wa kitabu ni fundi anatembea milima miwili hadi kwa wazazi wa mke, anafika, anasimama nje kwenye theluji, anauliza, "Mlimlaza wapi?" Kitabu kinaishia hapo.

"Wamemtoa," akasema Justina. "Mtoto mzima wamemtoa, wakaacha mwavuli." Akaanza kulia, na mimi nikalia, kwa sababu hata sisi kwetu tulimtoa wetu vilevile. Siku ile Modest alikuwa ameenda mnadani. Kwetu jambo kama hilo ni la wanawake, mwanaume haitwi. Mimi ndiye niliyeshika jembe. Mtoto nilimpokea amefungwa kwenye kanga, sikumfunua, nikamlaza, tukasawazisha udongo. Modest aliporudi mimi ndiye niliyemwekea chai. Alikunywa, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

"Basi nimekuelewa," nikasema, nikajifuta. "Namwambia leo leo aje akuulize."

"Ukimwambia, wifi, hatutasalimiana tena." Aliongea taratibu, lakini nilimwamini. "Ukimtuma atakuja kama mtoto aliyetumwa chumvi. Mwambie asome kitabu. Usiongeze neno."

Mimi, niambiwe nisiongeze neno! Nilirudi Daudi nimeubana mdomo hadi taya zinauma.

Nikatoa kitabu kabatini, nikamtupia mapajani. "Soma. Mwisho wake si ule."

"Dada, hiki Kiingereza."

"Na form four uliyosomeshwa ilikuwa ya nini?"

Akaanza Alhamisi. Kidole kwenye mstari, simu mkono wa pili anatafuta maneno. Anasoma ukurasa, anarudi nyuma, anasimama kumwagilia vitunguu, anarudi. Nilikuwa napita uani bila sababu, mara nafuata ungo, mara nafukuza kuku ambaye hayupo. Ijumaa bado yuko kwenye karatasi na gundi. Jumamosi ananiambia kwa furaha kwamba kitabu kimeeleza mianzi inavyokatwa vizuri kuliko anime. Roho ilikuwa inanitoka. Kesho yake ni Jumapili, keshokutwa Justina anaingia darasani kwao, na huyu ananielezea mianzi. Nusu ya kitabu ilikuwa bado haijaguswa. Mara mbili nilifungua mdomo, mara mbili nikaufunga nikaenda zangu.

Jumapili tulitoka kanisani, nikapika, nikamwita aje kula. Hakuja. Nikamkuta kwenye kigoda chake, kitabu kimefunikwa kifudifudi gotini. Hakuwa amefika mbali, nililiona hilo haraka, kurasa nyingi bado upande wa kulia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Dada, kumbe walikuwa na mtoto," akasema.

Nikashika ukingo wa mlango.

"Wamemzika, fundi hayupo. Kaja, kapewa chai." Akakishika kitabu kama anataka kuendelea, kisha akakiweka chini kwenye majani. Alikaa hivyo mpaka nikafikiri chakula kitaungua jikoni na Jumatatu itatukuta hapohapo. "Dada. Wetu mlimzika wapi?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari. Ni pale, hatua chache tu, ukingoni mwa shamba la maharage, ningeweza kumshika mkono nikampeleka. Mungu anajua nilivyotaka. Lakini si mimi niliyengojwa kuulizwa.

"Muulize mama yake," nikasema.

Aliniangalia kama sijawahi kusema Kiswahili. Ndani ya ua ule hakuna aliyewahi kumwita Justina mama. Akachukua simu, akaibonyeza vibaya ikapaza sauti, na hakujua kuirudisha, au hakujali. Ikaita muda mrefu.

"Justina," akasema. "Wetu mlimzika wapi?"

Nilisikia ng'ombe wa mzee Gidahosh wanaingia, kengele zao, na mtu anapumua. Nikafikiri atakata.

"Umemaliza kitabu?" akauliza Justina.

"Bado. Nimeishia kwenye chai."

Sauti ya Justina ilikuwa imepasuka. "Usiende kutafuta peke yako. Kesho napanda gari la asubuhi. Nisubiri, nitakuonyesha mwenyewe."

"Nakuja kukuchukua."

"Basi njoo. Tutakutana Katesh."

Nikageuka niwaache, maana nilikuwa nimeshasikia ya kutosha. Lakini Modest alikuwa hajakata simu.

"Mke wangu," akasema. "Alifanana na nani?"

"Na dada yako," akasema Justina. "Paji la uso, nyusi, kila kitu. Kama wifi amekasirika."

Nilikaa chini palepale mlangoni, na chakula kikaungua.