Wa Kwanza Haachwi

Katika ligi yetu, mchezaji unayemchagua kwanza tunamwita wa ndoa. Wengine unaweza kuwaacha katikati ya msimu ukachukua wapya, lakini yeye unakaa naye mpaka mwisho. Sheria hiyo aliileta Mzee Majaliwa, aliyechoka kutuona tukibadilisha wachezaji kila wiki kama soksi. Ligi yenyewe tunaicheza kwenye simu. Tuko watu kumi, Watanzania na Wakenya wa Arlington. Kila mmoja anajichagulia wachezaji halisi wa besiboli, na wanachofanya uwanjani ndicho kinachompa pointi.

Nilisomea takwimu, kwa hiyo kila Machi simu yangu haikutulia. Ndeshi, huyu anafaa? Nikisema hafai, watu wanamwacha, hata awe kipenzi chao. Nilijivunia hilo kuliko cheti changu.

Machi ya 2019 walikuwa wakiuliza jina moja tu: Elimringi, mdogo wangu, aliyekulia Pearland kwa mama. Msimu wake wa kwanza katika ligi kuu alikuwa amepiga mipira ishirini na saba ikavuka uzio. Alinipigia kutoka kambi ya mazoezi ya Arizona, siku moja kabla hatujachagua.

"Dada, bega halipandi. Leo nimeshindwa kuvaa fulana."

"Daktari wa timu anajua?"

"Nikimwambia wananipumzisha, mtu mwingine anachukua nafasi yangu. Nitaamua Jumatatu. Usimwambie mtu. Mama ndiyo kabisa."

Mama ni muuguzi. Angepanda ndege siku hiyo hiyo.

"Ungekuwa wewe, ungefanyaje?" akauliza.

Nilikuwa na jibu. Nikamwambia afikirie mwenyewe.

Jumamosi mchana tulijaa sebuleni kwa Mzee Majaliwa, chapati mezani, simu mikononi. Kura ilinipa zamu ya kwanza. Kipngeno, aliyenishinda misimu miwili mfululizo na hakuniacha nisahau, aliegemea ukuta akitabasamu.

"Ndeshi, wacha kuzungusha watu. Chagua ndugu yako tukule."

"Na kama hafai?"

Nilisema nikicheka, lakini hakuna aliyecheka nami. Wacuka, muuguzi aliyewahi kufanya kazi na mama na bado wanapigiana simu, aliweka sahani chini.

"Kwani ana nini?"

Hesabu zilikuwa wazi: bega bovu, usimguse. Lakini ningemwacha, Wacuka angempigia mama kabla chapati hazijapoa, na mama angepiga simu kambini.

"Nawatania tu," nikasema. "Elimringi. Wa ndoa!"

Walipiga makofi. Mzee Majaliwa akapiga picha ya simu yangu na kuituma kwenye kundi letu la WhatsApp, jina la mdogo wangu likiwa juu kabisa. Elimringi naye alikuwa kwenye kundi hilo. Hakuandika neno, aliweka kikatuni cha ngumi tu. Nilikichukulia kuwa shukrani.

Katika mchezo wa pili wa msimu alizungusha gongo, akaliangusha, akashika bega. Daktari aliyempasua alisema lingepona kwa kupumzika, kama angesema mapema.

Alikuja kuuguza mkono kwangu Arlington, kwa sababu hakuweza kukaa kwa mama akitazamwa vile. Wiki nzima sikumuuliza. Kisha nikauliza.

"Kwa nini hukumwambia daktari?"

"Niliiona ile picha."

"Picha ilikuwa ya kuwafumba macho wale."

"Mimi ningejuaje? Mwaka juzi Vicent wa ligi yenu alikubembeleza umchague rafiki yake anayecheza, ukamkatalia mbele ya watu. Wewe humchagui mtu kwa huruma, dada. Nikasema, kama Ndeshi anajua habari ya bega langu na bado ameniweka wa kwanza, basi litashika."

"Nilikuwa nakuficha."

"Ungenipigia."

Nilikuwa na Jumapili nzima ya kumpigia. Niliitumia kupanga timu yangu.

Mwezi wa Mei nilimwomba Mzee Majaliwa aniruhusu nimtoe, nisiendelee kuliona jina lile.

"Wa kwanza haachwi, mwanangu," akasema. Alianza kucheka, akaniona uso, akaacha. Sheria hakuibadilisha.

Kwa hiyo kila Jumapili jioni matokeo yanaingia, na Elimringi yuko juu ya orodha yangu, mbele ya jina lake sifuri. Anakaa kwenye kochi langu, mkono umefungwa kifuani, anasubiri nifungue simu.

"Leo nimekupa ngapi?"

Mwanzoni nilidhani anatania. Siku hizi namjibu tu.

"Sifuri."

"Nani anaongoza?"

"Kipngeno."

Anatikisa kichwa, kisha anasimama na kunigeuzia mgongo ili nimvue fulana.