Kapteni Aliyesema Sita

Kamati ilinipa kazi ya kuandika historia ya klabu kwa sababu mbili: mimi ni katibu tangu siku ya kwanza, na dukani kwangu kuna kompyuta. Hakuna aliyeniuliza kama ninastahili. Angeniuliza mtu, ningemjibu kwa ukali kwamba ninastahili sana, kwa maana ndivyo nilivyo, nikibanwa napandisha sauti.

Duka langu liko Mchafukoge, nauza ndoo na mabeseni kwa jumla. Naitwa Elimringi, lakini hapa mjini Mchaga yeyote mwenye duka ni Mangi, na kubishana nalo niliacha zamani. Kijitabu kilitakiwa kwa mchapaji Ijumaa, sherehe ya miaka kumi na mitano ni Jumapili. Jumanne asubuhi akaingia Bi Mwanne. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anavuta kiti kipya ambacho bado kina karatasi ya bei, akakaa. Akasema macho yake siku hizi hayashiki herufi ndogo, kwa hiyo nimsomee nilichoandika.

Ningemkataliaje? Klabu ni yake. Mwaka 2009 alifungua belo la mitumba pale Kariakoo akitegemea magauni, akakutana na jezi za raga za mistari ya kijani, namba moja mpaka kumi na tatu, haikupungua hata moja. Mwingine angeziuza mojamoja. Yeye alikuwa na mwanawe Anuari, wa miaka kumi na mitano, na kundi la wenzake walioshinda vichochoroni wakitafuta ugomvi. Akawaambia watavaa hizo. Wao walitaka soka. Bi Mwanne akawauliza, soka ni watu kumi na mmoja, wale wawili wanaozidi watacheza wapi. Ndipo mimi, kwa ujuaji wangu, nikaenda intaneti kafe nikagundua kwamba ipo raga ya watu kumi na watatu kila upande. Basi, tukawa klabu. Mpira wa kwanza aliushona yeye kwa vipande vya jinzi, umbo la yai, na ukilowa ulikuwa mzito kama mtoto aliyelala.

Nilipomsomea hapo alicheka mpaka akajifuta macho. Nikaendelea na habari ya nyongeza, akacheka zaidi.

Raga hiyo ina sheria moja kubwa: timu yenye mpira ikikabwa mara sita bila kufunga, inawaachia wenzao mpira. Sisi tulihesabu kwa sauti, kama mzigo unavyohesabiwa Kariakoo ukipakiwa, kila mtu asikie na kila mtu awe shahidi. Kapteni ndiye aliyetaja: moja, mbili, tatu. Lakini ilipofika sita vijana waligoma kuachia. Walikuwa watoto wa sokoni, hawajawahi kuona mtu ananunua fungu la nyanya akaondoka bila kuongezewa moja. Wakadai nyongeza. Mimi, niliyekuwa pia refa wao, nikawapa, na kwa miaka miwili tulicheza kukabwa mara saba, tukiamini tumeiboresha raga. Tulipoanza kukutana na timu za nje tukaonyeshwa kosa letu, tukaiacha nyongeza kwa mazoezi tu.

Hapo nikafunua ukurasa, nikaendelea na mwaka 2014.

"Umeruka, Mangi," akasema Bi Mwanne. "Mwaka kumi na tatu uko wapi?"

Nikamjibu kwamba ukurasa huo haujakaa sawa. Hakubisha. Akatoa kwenye mkoba fomu ya kujiunga na timu ya watoto, ya mjukuu wake Amira, mtoto wa Anuari, mwenye miaka kumi na mbio za ajabu. Ilikuwa imejazwa vizuri, zimebaki sahihi mbili: ya mzazi na ya klabu. Akasema Anuari hataki kusaini. Anasema mwanawe hatavaa jezi ya watu wanaomwita baba yake mwizi. Sherehe atakuja, kwa ajili ya mama yake, ila fomu hataigusa.

"Mtoto analia kila siku," akasema. "Uandike vizuri huo mwaka." Akaondoka, na fomu yake mkononi.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ukurasa ulikuwepo. Ulikuwa na mstari mmoja: kapteni Anuari alisimamishwa kwa kudanganya hesabu. Niliunakili kutoka kwenye kumbukumbu za kikao, na kumbukumbu za kikao niliziandika mimi.

Siku ile ya mwaka 2013 tulicheza na wageni kutoka Tabata pale Jangwani. Mgeni rasmi alikuwa ameketi kwenye kiti nilichotoa dukani. Pointi sawa, dakika za mwisho, mpira wetu. Anuari alikuwa na miaka kumi na tisa. Akataja nne, akataja tano, akakabwa yeye mwenyewe hatua tatu kutoka kwenye mstari wa kufungia, na kutoka chini pale, mdomo umejaa vumbi, akataja sita. Akaamka, akauweka mpira chini ili wageni wauchukue. Mimi nikamwashiria kwa mkono aendelee. Sikukosea hesabu. Niliutaka ule ushindi. Akanitazama, mimi ni mkubwa wake na ni refa, akatii, akautoa mpira kwa mwenzake, wakakabwa ya saba, na tukafunga kwenye purukushani iliyofuata.

Wageni walikuja juu, na walikuwa na haki. Kwenye kikao cha jioni hiyo niliulizwa imekuwaje. Ningeweza kusema nilipitiwa, watu wangecheka yakaisha. Nikasema kapteni alinitajia tano. Wakamvua ukapteni na kumsimamisha msimu mzima.

Kesho yake alikuja dukani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

"Mangi, mimi jana nilisema ngapi?"

"Ulisema tano."

"Haya," akasema, akatoka, hakurudi klabuni tena. Mtaani wakambandika jina la Saba. Ananunua vocha, Saba. Anatoka msikitini, Saba. Kwa miaka kumi na moja nimelisikia jina hilo likipita mlangoni kwangu, na sijawahi kumkataza mtu. Leo anafanya kazi bandarini, kazi yenyewe ni kuhesabu makontena, na Amira shuleni wanamwita mtoto wa Saba.

Mtu angedhani baada ya Jumanne hiyo niliandika ukweli. Niliuandika kweli, Alhamisi, sentensi nne, nikazisoma, nikazifuta. Na ule mstari wa zamani nikaufuta pia. Ijumaa kijitabu kikaenda kwa mchapaji bila mwaka 2013 kabisa, na nikajipongeza kwamba angalau sijamtukana mtu. Ndivyo nilivyokuwa mwoga, hata kutubu nilitaka kutubu kwa kunyamaza.

Jumapili tulikusanyika kwenye ukumbi mdogo karibu na sokoni. Wachezaji wa zamani walikuja na vitambi vyao. Bi Mwanne alikuwa mbele, jezi kumi na tatu zimetundikwa ukutani nyuma yake. Anuari alisimama mlangoni, Amira amemshika mkono. Nikaitwa kusoma historia. Nikasoma belo, nikasoma mpira wa jinzi, nikasoma nyongeza, ukumbi ukacheka. Nikafika 2012. Nikafunua, nikaona 2014, na Bi Mwanne akainamisha kichwa. Sijui ningefanya nini kama asingeinamisha kichwa.

Nikakifunga kijitabu. Nikawaambia kwamba kuna mwaka nimeuficha. Nikaeleza mechi ya Tabata kama nilivyoieleza hapa, mpira uliowekwa chini na mkono wangu uliosema endelea.

"Kapteni alisema sita," nikasema. "Mwongo ni mimi. Naomba radhi, Anuari."

Nilitegemea kelele. Wale wachezaji wa zamani walikuwa wanatazama viatu vyao. Kisha Mrisho, aliyekuwa winga wetu, akasema bila kuinua uso, "Tulisikia wote, Mangi. Si tulikuwa tunahesabu kwa sauti?"

Kumbe walijua. Kila mmoja wao alikuwa shahidi, akanyamaza kwa sababu aliyesema alikuwa mkubwa wao, halafu wakaenda mtaani kumwita mwenzao Saba pamoja na wengine. Nilikuwa nimedhani aibu hii ni mali yangu peke yangu. Niliwafundisha kuhesabu kwa sauti, halafu nikawafundisha kunyamaza.

Anuari akaja mbele taratibu. Akachukua fomu kwa mama yake, akailaza juu ya meza niliyokuwa nimesimama nyuma yake, akasaini pa mzazi. Amira alikuwa anaruka kwa mguu mmoja. Imebaki sahihi ya klabu, na fomu zote za klabu nasaini mimi. Nikatoa kalamu mfukoni, nikavuta karatasi upande wangu, moyo umenijaa shukrani.

Anuari akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Hapana, Mangi," akasema kwa upole. "Hapo asaini mama."

Nikampa Bi Mwanne kalamu. Aliinama karibu sana na karatasi, akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizotoka nje ya mstari, na alipomaliza Amira akaenda naye ukutani kuchagua jezi. Nikabaki mezani, nimeshika kifuniko cha kalamu.