Mwenye Tumbo Ndiye Hajui

Wubalem alizinduka kwenye wodi ya wanawake akiwa na mshono mrefu tumboni na mrija ubavuni. Mwanawe Getnet alikuwa ameketi kando ya kitanda, kamshika mkono.

"Walikuta kidonda kwenye utumbo, mama. Wamekikata, kimekwisha. Wewe kula tu upate nguvu."

Akaamini. Kwa nini asiamini? Getnet ni mwalimu wa sekondari hapo mjini Gondar, ndiye aliyeongea na daktari, ndiye aliyetia sahihi. Yeye Wubalem tangu afiwe na mume aliishi kwa kusaga na kuuza pilipili, na mambo ya hospitali alimwachia mwanawe.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Askale, mke wa mkulima kutoka milimani, mwembamba, mdomo haujui kupumzika. Walipoanza kuhimizwa kutembea, walijikokota pamoja ukumbini, kila mmoja kashika tumbo lake.

"Wewe dawa za mishipani unaanza lini?" Askale akauliza.

"Dawa gani?"

"Za kansa. Mimi wanasubiri mshono ukauke."

"Mimi sina kansa. Nilikuwa na kidonda."

Askale akasimama. "Dada yangu, wodi hii yote ni ya kansa. Wenye vidonda wanalazwa ghorofa ya chini." Akauona uso wa mwenzake, akapunguza sauti. "Hawajakwambia? Basi nisamehe. Mume wangu mimi hajui kudanganya."

Wubalem alijikokota kurudi kitandani. Jioni Getnet alikuja, akaketi, akammenyea chungwa polepole, akitoa nyuzi nyeupe moja moja kama anayemlisha mtoto. Wubalem alitamani kumrushia lile chungwa usoni. Lakini kila alipovuta pumzi ya kusema kwa nguvu mshono ulimkata, na maneno aliyokuwa nayo hayakuwa ya kunong'ona. Akayaweka.

Aliporuhusiwa kwenda nyumbani alikuta majirani wamejaa sebuleni, kahawa inakaangwa. "Mungu akurehemu," kila mmoja alisema, na mmoja akajifuta machozi kwa ncha ya shuka alilojitanda. Wubalem akawatazama, akaelewa. Wote wanajua. Mtaa mzima unajua, hata muuza mkaa. Mwenye tumbo ndiye hajui.

"Getnet, nipe ufunguo wa duka. Pilipili zangu zitakuwa zimeota ukungu."

Getnet akatazama chini. "Mama, duka nimempangisha kijana mmoja anatengeneza simu. Wewe sasa ni wa kupumzika."

"Kupumzika mpaka lini?"

"Mpaka..."

"Malizia."

Wanawake wakaanza kutafuta viatu vyao. "Kaeni," Wubalem akawaambia. "Mmekuja matangani, mnywe kahawa ya matanga." Akamgeukia mwanawe. "Kansa. Hebu itamke, kama ulivyowatamkia hawa. Duka langu umeligawa na mimi bado napumua."

"Niliogopa, mama. Baba alipoambiwa ugonjwa wake aligeukia ukutani, hakula tena mpaka akafa. Ulimwona."

"Mimi ndiye baba yako?" Mshono ulimchoma, akaushika kwa mikono miwili na kuendelea. "Aliambiwa, akaamua. Mimi umeniamulia wewe, ukanimenyea na machungwa. Toka. Kamwambie huyo wa simu afunge mizigo."

Siku ya kurudi kliniki, daktari, kijana nadhifu, alianza kumweleza Getnet kwa Kiingereza. Wubalem akagonga meza.

"Daktari, tumbo ulilopasua liko upande huu."

Daktari akaona haya. "Familia iliomba tusikushtue, mama."

"Mezani ulimlaza nani, familia? Getnet, nisubiri nje. Sasa wewe, niambie."

Akamwambia yote: uvimbe ulikuwa umegusa tezi za jirani, dawa zitachukua miezi, ugonjwa unaweza kurudi na unaweza usirudi. Wubalem aliogopa. Hata hivyo aliuliza kila swali alilokuwa nalo, na pale daktari alipojibu kwa mkato akamrudisha nyuma.

Kijana wa simu alihama. Wubalem alianza dawa, kiti chake jirani na cha Askale, wakitukana pamoja sindano na uji wa hospitali. Nywele zilikatika, ladha ikamtoka mdomoni, ikabidi wateja ndio wamwonjee pilipili. Getnet aliruhusiwa kumfikisha kwenye geti la hospitali tu. Akiuliza, "Umeambiwaje leo, mama?" hujibiwa, "Kamuulize rafiki yako daktari."

Maneno hayo anayameza. Jumamosi huja dukani bila kuitwa, akavua koti la ualimu, akachekecha pilipili huku macho yanamchuruzika na pua imekuwa nyekundu. Hivi majuzi alisimama kidogo ajipanguse, akamtazama mama yake kana kwamba anataka kusema jambo.

Wubalem akachota unga kwa kiganja, akausugua kwa kidole gumba.

"Unga bado una chembe," akasema. "Rudia."