Somo la Kikombe cha Bati

Mwalimu Bare hakuwahi kumchukia mwanafunzi kwa kuelewa somo, mpaka siku ile ya mwaka 1967 alipoketi ndani ya hema la polisi, kalamu mkononi, na mbele yake shangazi yake Ardo amekalishwa juu ya debe.

Kijiji chao, mwendo wa nusu siku kutoka Garissa, hakuna aliyekichagua. Serikali iliwakusanya wafugaji, ikawazungushia seng'enge, ikaweka lango moja na askari wake. Asubuhi unatoka na mbuzi, saa kumi uwe umerudi. Ukichelewa wewe ni shifta, mwasi wa porini, na shifta haulizwi mara mbili.

Darasa la watu wazima lilianza kwa sababu ya jirani yao, Abdow. Huyo aliletewa karatasi ya Kiingereza, akaambiwa ni ruhusa ya malisho, akabandika dole gumba kwa furaha na kushukuru juu yake. Kumbe alikuwa amekiri kuficha bunduki. Alipakiwa kwenye lori, na mkewe, Muslimo, akabaki hajui kama yeye ni mke au mjane. Wiki ile ile watu kumi na wawili walimwendea Bare, mwalimu pekee kijijini, wakamwambia awafundishe Kiingereza, lakini si cha salamu. Walitaka cha karatasi.

Bare alikuwa na njia yake. Hakufundisha neno peke yake. Aliwaambia kwamba kitenzi cha Kiingereza ni ngamia jike: kina ndama wake, na ukikipelekea ndama wa wenyewe kitamrushia teke. "Make" humnyonyesha kosa na ahadi. "Give" humnyonyesha ushahidi. "Take" humnyonyesha kiapo.

"Mzungu kiapo anakichukua?" Ardo aliuliza. "Mbona Waswahili wanakila?"

"Ndivyo, Eeddo. Yeye anakichukua," Bare alijibu, akimwita shangazi kwa Kisomali.

"Basi ndiyo maana. Cha kula hukaa tumboni. Cha kuchukua, mtu akichoka anakitua njiani."

Darasa zima lilicheka, hata Muslimo, ambaye kicheko kilikuwa kimempotea tangu lori liondoke.

Kisha Bare alikuja na kikombe cha bati chenye maji. Kilizungushwa mkono kwa mkono. Anayempa mwenzake husema "I give water." Anayekitwaa kutoka mkekani bila kupewa husema "I take water." Ardo, mwenye meno matatu na miaka ambayo hakuna aliyeihesabu, aliwashinda wote. Na kila somo lilifungwa kwa sheria moja: usiweke dole kabla karatasi haijasomwa kwa sauti, masikio yako yakasikia.

Sasa juu ya meza ya hema palikuwa na haan, chombo cha kusukwa cha kubebea maji. Askari walikiokota kwenye maficho ya shifta. Inspekta, kijana wa bara asiyejua neno la Kisomali, alimwita Bare atafsiri na aandike maelezo. Ardo hakuweza kukana. Kila mwanamke kijijini aliujua msuko wake, jinsi unavyoijua sura ya mtu.

"Ni changu," alisema kwa Kisomali. "Watu watatu walinijia kisimani. Mmoja ulimi umemvimba, hata salamu haitoki. Nikawapa maji. Na chombo nikawapa, maana safari yao ilikuwa ndefu."

Kalamu ya Bare ilisimama. Kumpa shifta maji ni kumsaidia adui, na aliyemsaidia adui hupanda lori la Abdow. Kunyang'anywa na shifta ni balaa tu. Unaandikiwa, unarudi kwako. Kati ya lori na nyumbani palikuwa na neno moja. Na huyu ndiye aliyemlea Bare baada ya mama yake kufa, akauza ngamia wake wa maziwa ili yeye akasome Kiingereza hicho hicho. Akamwambia inspekta kwa Kiingereza kwamba watu wenye bunduki walichukua maji, wakachukua na chombo. Akaandika vivyo hivyo: They took water.

Inspekta hakufurahi. "Basi aweke dole aende," alisema, akasukuma kidau cha wino.

Ardo hakunyoosha mkono. "Isome."

"Eeddo, weka tu. Nimeiandika mimi."

"Ya Abdow pia iliandikwa na mtu. Isome kwa sauti. Sheria ni yako."

Bare akaisoma mbiombio, na pale penye neno lenyewe akapita kama anayekanyaga kaa la moto. Ardo alikuwa ametega sikio, macho ameyafumba, kama afanyavyo darasani.

"No," alisema. "I gave water."

Inspekta aliinua kichwa. "Umesema nini, mama?"

"Mimi nabatia watu maji," Ardo alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Habana chukua."

Bare akarukia. Alisema bibi amekosea, ni mzee, maneno hayo mawili huyachanganya kila siku. Ulikuwa uongo wa aibu, kumchafua mwanafunzi wake bora, naye aliusema bila kupepesa macho. Kisha akamgeukia kwa Kisomali: "Sema walikunyang'anya. Nakusihi. Watakupeleka."

"Najua watanipeleka," Ardo alisema. "Mwaka wa ukame mimi nilinyimwa maji, nikazika mtoto. Tangu hapo hajanijia mtu mwenye kiu nikangoja anipokonye. Unataka nife nikiwa mwanamke wa namna hiyo, na dole langu liwe shahidi?"

Bare alimpenda, na alitamani shangazi yake angekuwa bubu.

Inspekta hakuelewa Kisomali, lakini mjinga hakuwa. Alisogeza kikombe chake cha maji mpaka ukingoni mwa meza. "Take," alimwambia Ardo.

Ardo akakichukua.

"Sasa, give."

Ardo alimtazama inspekta, kisha akamtazama Bare, ambaye midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Akampa yeye.

Katika nchi ile maji ya kupewa hayakataliwi. Bare alikipokea kwa mikono miwili, akanywa, machozi yakidondokea ndani. Inspekta akavuta karatasi, akakata neno, akaandika jingine juu yake. "Na wewe, mwalimu, tutazungumza," alisema. Ardo alitaka isomwe tena. Inspekta akaisoma mwenyewe. Bibi akatikisa kichwa kuridhika, akachovya dole, akalikandamiza mpaka wino ukatoka pembeni.

Askari wawili walimnyanyua hadi kwenye lori. Alipokwisha kukaa kati ya magunia, akageuka akimtafuta Bare, aliyesimama mlangoni mwa hema na kikombe kitupu.

"Bare! Nimepata?"

"Umepata, Eeddo," alisema. "Umepata yote."