Beti Moja, Tungo Mbili

Mwanalima wa kisiwa cha Kudhaa alikuwa mwanamke mwenye maneno mengi kuliko wasikilizaji, ndiyo maana akaanza kutunga. Mikono ikisuka mkeka, kinywa kikipanga vina, na jirani wakipita husema, "Leo Mwanalima amepandwa."

Siku hizo bendera ya Mwingereza ingali inapepea Kismayu, na tajiri mmoja wa huko, Sheikh Idarus, alikuwa akimwoza bintiye Zaituni. Akapeleka habari visiwani kote: anataka utenzi wa kumuusia bibi arusi, na utakaopendeza kupita zote ndio utakaosomwa arusini.

Mwanalima akatunga beti mia na kumi. Akazisoma, akacheka peke yake, kisha akakiri kwamba mizani zinachechemea. Basi akavuka hadi kisiwa cha Fuma, kwa Mwalimu Fumo, bwana mkavu mwenye kikohozi na kalamu kali, ambaye kazi yake ilikuwa kunyoosha tungo za watu.

Fumo alikaa nazo siku nne. Kila penye "mchu", kama wasemavyo kwao Kudhaa, akaandika "mtu". Akafuta beti kumi na moja, akasema ni utani wa jikoni. Halafu akaingiza beti moja ya kwake:

*Nyumba si mawe na miti,*
*si zulia wala kiti,*
*ni maneno ya wakati*
*na subira ya pamoya.*

Mwanalima alipoisoma aliirudia, maana ilikuwa nzuri mno. "Mwalimu, kule mwisho ninapojitaja, nikutaje na wewe?"

"Unitaje kwa lipi? Fundi akikupigia mlango randa, mlango huwa wake?"

Jibu halikumtosha, lakini lilimfaa. Akaandika jina lake tu.

Wiki ya arusi akaitwa Kismayu. Baada ya alasiri wanaume walikaa sebuleni kwa Sheikh Idarus, wanawake nyuma ya pazia pamoja na Bi Kaltuma, mkewe. Kati ya zote zilizoletwa, tungo mbili zilikuwa zimebaki: utenzi wa Mwanalima na wa Mahmudi, nahodha wa mjini. Wa Mahmudi ukasomwa kwanza. Ulikwenda vizuri, mpaka Mwanalima akasikia, "Nyumba si mawe na miti..."

Beti ileile, hata herufi haikupungua! Ulipofuata wake na kufika beti ile, watu walianza kugeukiana kabla haijaisha.

"Beti moja, tungo mbili," akasema Sheikh Idarus. "Mmoja wenu kaiba."

"Mimi sijamwibia mtu," Mahmudi akasema. "Sheikh, baba yangu unamjua."

Mwanalima akaona mambo yanakoelekea. Mahmudi ni mtoto wa mjini, yeye ni sauti tu nyuma ya pazia. Akinyamaza, ataitwa mwizi. Akisema, ataitwa mtu wa kutungiwa.

"Sheikh, hapana aliyeiba," akasema. "Beti hiyo si yangu. Ni ya Mwalimu Fumo wa Fuma. Ndiye aliyenitengenezea utenzi, nami sikumtaja. Nadhani na mwenzangu alipita pale pale."

Kisha Mahmudi akaangua kicheko, cheko la mtu aliyeshikwa. "Wallahi nilipita! Kumbe mzee anatugawia sahani moja!"

Sheikh Idarus hakucheka. "Sasa mimi nijue vipi maneno atakayosomewa binti yangu ni ya nani? Kila mmoja anipe kitu ambacho Fumo hakukigusa."

Mahmudi akakuna kichwa, akatoa beti mbili zilizogongana, akaishia hapo. Mwanalima akakumbuka zile zilizofutwa, akaeleza kuwa Fumo alizitupa zote kumi na moja, akatoa moja:

*Mavyaa akija mbio,*
*mpe kigoda na kio,*
*atasahau sikio,*
*nawe upike kwa haya.*

Wanawake walipasuka kwa kicheko, kila mmoja akimwona mama mkwe anajitazama kiooni, kasahau kutega sikio. Bi Kaltuma, ambaye wiki hiyohiyo naye angekuwa mavyaa wa mtu, alicheka hadi ushungi ukamwanguka, akaita kupitia pazia, "Idarus! Huo! Na zote kumi na moja zirudi!"

Basi ukachaguliwa utenzi wa Mwanalima, kwa sharti moja: mwisho amtaje aliyeunyoosha. Akaitunga beti hiyo papo hapo, Mahmudi akamsaidia neno moja, naye akadai kwa mzaha atajwe. Mwanalima akamtaja.

Habari zilipofika Fuma, Fumo alikasirika siku tatu. Alisema amevuliwa nguo hadharani. Siku ya nne ikafika mashua kutoka Kismayu, imejaa watu na karatasi zao, wote wakimuulizia kwa jina. Akawakaribisha, akawaketisha, na kabla hajagusa karatasi ya kwanza akamuuliza mwenye hiyo: "Nikikutilia beti, utasema ni yangu?"

"Nitasema, Mwalimu."

"Basi nitakutilia ambayo sijampa mtu."